Bucha Gani?

Mke wangu aliinua soksi yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya kwenye mtego, akaniuliza kama hii ni soksi au ni glavu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimejifungulia dirisha tangu mwezi wa nane. Nikamjibu kwamba Mungu aliumba kiatu ili kufunika mambo ya watu. Hilo lilikuwa Jumatatu, wiki ya kwanza ya Desemba.

Jumanne nikapata kazi. Mimi huuza mapambo ya nyumba kwa simu: napost picha, mtu anapenda, natafuta fundi, nabaki na kitu kidogo katikati. Mtaani wananiita broka. Aliyepiga simu alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Karen, hapa Nairobi, amerudi nyumbani baada ya miaka mingi Kanada, na wajukuu wamezoea Krismasi ya theluji. Nyumba yake ina mahali pa kuotea moto ukutani, juu yake rafu ya mbao nzuri ambayo hataki itobolewe hata kwa pini. Alitaka kulabu 12 za chuma cha kufuliwa kwa mkono, zenye nyota, za kutundikia soksi. Kulabu inakaa juu ya rafu bila msumari, kisigino chake kimelala, mkono unashuka ukingoni, ncha inajikunja kwenda juu. Deposit akatuma hapo hapo. Kufikia jioni ile deposit ilikuwa imeshaitwa kodi ya nyumba.

Jumatano nikaenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Ukishuka stendi ya Machakos Country Bus huhitaji kuuliza njia, fuata masikio. Watu wanagonga masanduku, majiko, makarai, mapipa, kila mtu na mdundo wake, na ukitaka kuongea na fundi lazima ungoje nyundo yake ipande juu. Mabanda yale yalijengwa miaka ya 1980, baada ya Rais Moi kupita na kuona watu wanafanya kazi juani. Mzee, fundi wangu, ambaye yuko hapo tangu kabla ya kivuli, husema serikali iliondoa jua ikawaachia ukali.

Nikamweleza: kulabu 12, chuma cha mraba cha milimita 10. Hakuinua macho.

"Bucha gani?"

"Si za bucha, Mzee. Ni za kutundika soksi."

Kijana anayezungusha gurudumu la baiskeli, lile linalopuliza moto, akaacha kuzungusha.

"Soksi zimelowa?" Mzee akauliza.

Basi ikabidi nisimulie. Kwamba zamani za kale, huko ambako leo ni Uturuki, kulikuwa na askofu akiitwa Nikolasi. Kwamba baba mmoja maskini alikuwa na mabinti watatu wasio na mahari ya kwenda nayo kwa mume, na askofu akawapelekea dhahabu usiku, kwa siri. Kwamba wengine husema dhahabu iliangukia ndani ya soksi zilizokuwa zimeanikwa motoni, na tangu hapo wazungu hutundika soksi. Mzee alisikiliza hadi mwisho kwa heshima kubwa.

"Binti ndiye atoe mahari?"

"Huko, ndiyo."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Nadhani ndipo alipoamua kwamba kazi yangu hataifanya. Akasema Desemba ni ya masanduku, watoto wanaingia bweni Januari na sanduku halingoji. Lakini kwa shilingi 500 kwa siku angenikodisha kona ya moto, kijana wa gurudumu na nyundo moja. "Kulabu ni kazi ya mtoto," akasema. "Ndicho kitu cha kwanza tunachomfundisha anayeanza."

Mimi nina diploma. Nikaona nitashindwaje na kazi ya mtoto.

Akanifulia moja ya mfano. Aliisubiri ncha iwe rangi ya chungwa inayoelekea manjano, akaiweka juu ya fuawe, ambayo ni kipande cha reli kilichozikwa kwenye gogo, akaipiga huku akiigeuza robo, robo, robo, mpaka ikachongoka kama penseli. Akairudisha motoni. Akaikunja kwenye ukingo wa reli, akaishika kwa koleo huku na huku, akaisokota katikati ikawa kama kamba. Wakati huo wote alikuwa anabishana na mwanamke wa karai kuhusu shilingi 50, na akashinda. Akaipaka nta ya nyuki ingali na joto, ikatoka nyeusi, inang'aa kidogo, unatamani kuilamba.

"Kisigino kiwe kirefu," akaniambia, "na ukichomelee bamba zito. Soksi ikijaa, mzigo uko nje ya rafu. Kisigino kikiwa chepesi kuliko mzigo, vyote vinakwenda na mzigo."

Nikasema nimeelewa. Mtu mwenye diploma huelewa haraka.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Chuma huuzwa mita 6. Kulabu 12, sentimita 50 kila moja, hakuna hata kipande cha kutupa. Nikaweka cha kwanza motoni, nikamwambia kijana apulize, na nikaanza kuongea na simu. Niliporudisha macho, chuma kilikuwa kinatoa cheche nyeupe, nzuri ajabu, zinaruka kama fataki za mwaka mpya. Nikafurahi. Nikatoa simu nichukue video. Nikamwita Mzee aje aone Krismasi ilivyowahi.

Mzee alikuja mbio ambazo sikujua anazo, akachomoa chuma. Ncha haikuwepo. Kilichobaki kilikuwa kama muwa uliotafunwa. Chuma kikipita joto lake huungua chenyewe kama kuni, na zile cheche nilizokuwa nikizirekodi ndizo zilikuwa chuma changu. Hiyo video bado ninayo. Sauti ya mwisho ni ya Mzee, na siwezi kuiposti.

Niliunguza ncha nne siku hiyo. Pale ambapo sikuunguza, nilipiga chuma kikiwa kimepoa, kikatoa mlio wa kengele ya kanisa na kukataa kuniheshimu. Tunaambiwa samaki mkunje angali mbichi, lakini hakuna aliyeniambia ubichi wa chuma ni sekunde ngapi. Ni chache. Unatoa motoni, unatafuta nyundo, nyundo iko wapi, ulikuwa umeikalia, basi, rudisha motoni.

Kisha nikaokota kulabu iliyokuwa imelala chini. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi, imetulia, kama chuma chochote cha Mungu. Nilipiga ukelele uliosikika mpaka kwa wauza mitumba wa Gikomba, na Kamukunji nzima, hapo ambapo hakuna anayesikia mwenzake, ikanyamaza. Chuma kikiacha wekundu bado kina nyuzi mia kadhaa. Mzee akanimwagia maji ya pipa kwenye vidole kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akasema: "Chekundu kinakusalimu. Cheusi kinakunyamazia."

Alhamisi ilikuwa ya nyota. Kwa kubana matumizi nilibeba mabati ya zamani kutoka kwenye ploti yetu. Nikaweka nyota ya kwanza motoni ili iwe nyeusi kama kulabu. Ikatoa moshi mweupe, mzito, wenye ladha ya sarafu mdomoni. Nikajua ni uchafu unaungua, nikausogelea nipulize vizuri. Mzee alikuwa ameenda kununua ribiti. Aliporudi alinivuta kwa kola mpaka barabarani, akayarusha mabati nje.

Jioni nikaanza kutetemeka. Blanketi mbili, sweta, meno yanagongana. Mke wangu akasema ni malaria, nikasema Nairobi malaria itoke wapi, akasema basi ni dhambi. Usiku kucha nilijiona nikifa broka. Kesho yake saa nne nikaamka mzima, nina njaa. Mzee nilipomsimulia hakushangaa: "Ulikula mabati." Bati hupakwa zinki, na zinki hugeuka mvuke kwenye nyuzi 900 hivi, kabla chuma chenyewe hakijawa tayari kufuliwa. Ukiuvuta, unapata homa ya usiku mmoja. Yeye aliipata akiwa kijana, na tangu hapo bati la zinki haliingii motoni kwake. Akanipa kipande cha pipa la mafuta ambacho hakina zinki, nikakata nyota kwa mkasi wa bati. Zilikuwa na ncha tano kila moja, isipokuwa mbili zilizokuwa na sita, na moja ambayo Mzee aliigeuza huku na huku akaniuliza kama ni kobe.

Sasa turudi kwenye hesabu. Zile ncha zilizoungua zilikuwa zimekula karibu mita moja ya chuma. Kununua kingine kungekula faida. Kwa hivyo nikakopa kutoka visiginoni. Mkono wa kulabu unaonekana, nyota inaonekana, kisigino kimelala juu ya rafu nani atakiona? Na bamba la kuchomelea ni la nini, chuma si kizito chenyewe? Nta ya nyuki nayo ilikuwa bei. Jirani wa Mzee alikuwa na oili chafu ya gari, ya bure.

Kulabu 11 zangu na moja ya Mzee nikazitia guniani, nikapanda matatu. Zilitoboa gunia kabla hatujafika mjini, zikashika kiondo cha mama aliyekaa mbele, na aliposhuka tukashuka wote watatu: yeye, kiondo na mimi. Langoni Karen soja akanifungulia kitabu cha wageni, akachungulia guniani, akanitazama usoni.

"Hizi ni za nini?"

"Za kutundika soksi."

"Soksi za nani, Goliathi?"

Lakini akaandika. Iko kwenye kitabu mpaka leo: *vyuma 12, soksi*.

Mama akanipokea vizuri sana, na mlangoni nikaona viatu vimepangwa mstari. Moyo ukaanguka. Nyumba ya kuvua viatu. Nikavua polepole kama mtu anayevuliwa nguo mahakamani, na kidole gumba kikatoka kikawasalimu wajukuu wanane. Mmoja wao, wa kama miaka minne, akakielekezea kidole akamwambia bibi yake: "Huyu ndiye mtu wa soksi?"

Tukapanga kulabu kwenye rafu. Mama akanusa hewa, akauliza kama kuna gari limeachwa likinguruma. Nikasema ni harufu ya kazi ya mkono. Akatundika soksi kumi na mbili nyekundu zenye manyoya meupe, na kwa umaridadi akazifunga zote kwa utepe mmoja mrefu, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Zikasimama. Tukapiga makofi. Nilijiona nimefika.

Yule wa miaka minne akaleta machungwa mawili, akayatia kwenye soksi ya katikati. Kisha akaongeza gari la kuchezea.

Kulabu yangu nzima haikufika hata nusu kilo. Ilinyanyua kisigino, ikafikiri kidogo, ikaja. Mimi nilikuwa nimesimama chini yake, na kwa upana wote wa nyumba ile, kwa vidole vyote vilivyokuwemo, ikachagua kile kimoja kisichokuwa na kifuniko.

Niliruka. Nilipoanguka nilishika kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa utepe. Zikaja zote, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, *ka, ka, ka, ka*, mbwa akapita chini ya meza, akapita juu ya kochi, akatoka. Vumbi lilipotulia nilikuwa nimekaa sakafuni nimeshika mguu, nimezungukwa na soksi zilizochapwa madoa ya oili, na juu ya rafu ilikuwa imebaki kulabu moja tu, utepe umekatika ukining'inia kwake, haijasogea hata kidogo. Ya Mzee.

Mama alicheka mpaka akakaa chini na mimi. Alinifunga kidole kwa kitambaa na barafu, akanunua ile moja, na kuhusu deposit akasema tuiache, Krismasi ni Krismasi. Zile 11 nikarudi nazo.

Pale stejini mtaani kwetu nilikuwa nachechemea na gunia begani, bucha wetu akanipigia kelele kutoka dirishani: unauza ngapi hizo? Akaijaribu moja, akapinda kisigino kwa nyundo ikashika bomba lake, akaning'inia nayo kwa mikono miwili kama mtoto. Akachukua zote, 150 kila moja. Nilipompelekea Mzee hela ya moto niliyokuwa nadaiwa na kumsimulia, alikaa juu ya reli yake, akavua kofia, akacheka bila sauti, machozi yakimtoka, na kijana wa gurudumu akaniambia mara ya mwisho kumwona hivyo hakumbuki.

Tarehe 24 nilienda kununua nyama. Foleni ilifika barabarani. Ndani, kwenye bomba, mapaja ya mbuzi yamejipanga, na juu ya kila paja nyota. Ile ya kobe ilikuwa imebeba utumbo. Zamu yangu ilipofika bucha akaniongezea mfupa bila kuombwa.

"Kazi safi," akasema. "Mwambie fundi wako nataka zingine kumi. Lakini hizo nyota atoe." Akanionyesha kiganja chake, kimejaa mikwaruzo. "Zinanikata vibaya. Zilikuwa za nini kwani?"

Nikamwambia anipimie kilo moja, isiyo na mafuta mengi.