Kati ya Ukumbi wa Harusi na Uwanja wa Mpira

Jioni nikitoka kazini, ndani ya basi, huwa ninasoma orodha ya maonyesho yajayo ya Cafe OTO kwa makini yaleyale ambayo abiria wenzangu wanayatumia kusoma ratiba ya ligi. Huo ni ukumbi mdogo wa muziki ulioko mtaa wa Ashwin, Dalston, mashariki mwa London. Juma moja tu la orodha hiyo linaweza kuwa na mpiga saksafoni wa jazi huria, kisha mtu anayetoa ngurumo kwenye mashine alizoziunda mwenyewe, kisha waimbaji wawili wa nyimbo za kale za mashambani mwa Uingereza, kisha mpiga ngoma kutoka Japani, na mwisho wa juma mpiga piano aliye peke yake. Kila jina lina tarehe yake, saa ya kufunguliwa mlango na kiingilio chake, na yote hayo yamekwisha kupangwa majuma mengi kabla. Nusu ya majina sijawahi kuyasikia. Tiketi hununua hivyohivyo, kwa sababu ninauamini ukumbi hata pale nisipomjua mwanamuziki.

Furaha hiyo haifiki vituo viwili vya basi kabla haijageuka kuwa hasira, wala hasira yenyewe siielekezi kwa Waingereza. Ninawakasirikia watu wa kwetu, nikianza na watu wa Tanga nilikozaliwa, kwa sababu tuna muziki mwingi kupita mahali pa kuusikilizia.

Nisidhaniwe kwamba ninasifia jumba la fahari. Cafe OTO ulifunguliwa mwaka 2008 na Hamish Dunbar na Keiko Yamamoto. Mchana ni mkahawa wa kawaida ambamo watu wanakunywa chai na kufungua kompyuta zao. Jioni meza zinasogezwa, viti vinapangwa, na muziki unapigwa palepale sakafuni, bila jukwaa la kupanda. Mtu aliyewahi safu ya mbele anamwona mpiga saksafoni akiulowesha mwanzi wa chombo chake kwa ulimi, anaisikia pumzi kabla ya sauti, na akinyoosha miguu ovyo atazikwaa nyaya. Sun Ra Arkestra, kundi la Marekani lenye asili yake katika miaka ya 1950, limepiga ndani ya chumba hicho ingawa lingeweza kujaza kumbi kubwa kuliko hicho. Tangu mwaka 2012 ukumbi una lebo yake, OTOROKU, inayotoa rekodi zilizonaswa mlemle ndani, hata usiku uliosikilizwa na watu wachache ukaweza kuwa santuri. Onyesho likiisha, mpigaji mwenyewe anakaa nyuma ya meza ndogo akiuza kazi zake, na unayemlipa ni yeye.

Sasa linganisha na mji uliotoa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz upande wa dansi, na Black Star na Lucky Star upande wa taarab. Mji ambao vijana wake, katika miaka ya 1960, waliingiza magitaa ya umeme kwenye taarab na kuifanya ichezeke, mpaka pwani nzima ikasikia. Sauti ya Shakila binti Said ilikomaa kwetu kabla Dar es Salaam haijaichukua. Leo mgeni akifika Tanga siku ya Alhamisi na kuuliza ni wapi atasikia ala zikipigwa kwa mikono ya watu jioni hiyo, tutabaki kutazamana. Ataambiwa angoje harusi ya Jumamosi, kama ana kadi ya mwaliko, au angoje msanii wa kizazi kipya aletwe uwanjani na kampuni fulani ya simu. Kati ya ukumbi wa harusi na uwanja wa mpira hatuna kitu.

Nikiwa likizo nilimshuhudia mzee mmoja wa fidla, aliyeanza kupiga taarab kabla sijazaliwa, akiketi nyuma ya maspika ya ukumbi kuanzia saa mbili usiku, kanzu imenyooshwa pasi, fidla iko mapajani ndani ya mfuko wa kitambaa, akimngoja mgeni rasmi. Mgeni rasmi aliwasili saa tano kasoro. Zikafuata salamu, utambulisho wa meza kuu, keki, na shukrani kwa wafadhili mmoja baada ya mwingine. Mzee akapewa nafasi ya wimbo mmoja, nao mshereheshaji akaukata kwenye ubeti wa pili kwa kuwa chakula kilikuwa tayari. Hakulalamika. Aliufuta upinde kwa leso, akaurudisha mfukoni, akaulizia usafiri.

Tofauti ninayoizungumzia ni hiyo, na sitaki niihame. Katika ukumbi ule wa Dalston, saa ni mali ya mpigaji na ya aliyekata tiketi. Kwetu saa ni mali ya mgeni rasmi, na asipokuwapo mgeni rasmi ni mali ya mdhamini, na asipokuwapo mdhamini ni mali ya mwenye baa, anayetaka watu wanywe kwanza. Umeme, vibali, tozo, jirani anayepiga simu polisi: hayo yote ninayajua na sihitaji kukumbushwa, lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalotulazimisha kuandika saa mbili kwenye bango huku sote, pamoja na aliyelibandika, tukijua kwamba ni saa tano.

Najua pia ninavyosomwa nifikapo hapa. Yupo anayesema kimoyomoyo kwamba mtoto wa fulani ameonja baridi kidogo na sasa anatufundisha ustaarabu. Yupo atakayeuliza kama nimesahau nilivyokuwa nikichungulia dansi kupitia matundu ya uzio kwa kukosa kiingilio. Sijasahau, na kwa kuwa sijasahau ninajua kwamba ratiba sikuiona mara ya kwanza Ulaya. Bendi zetu zilikuwa na siku zake na kumbi zake. NUTA Jazz, ambayo imebadilishiwa jina mara kadhaa mpaka tukaizoea kwa jina la Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 ikimilikiwa na shirika la usafiri wa teksi kabla ya kuhamia kwa DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam. Mpenzi wa Sikinde, kama mtindo wa Mlimani Park ulivyoitwa, hakuhitaji kumuuliza mtu yeyote wapi pa kwenda siku yake ikifika. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kupanga mambo ni Uzungu anawatukana babu zetu kabla hajanitukana mimi.

Mwingine atasema kwamba baa zenye bendi zipo, tena nyingi, na kwamba ninajifanya sizioni. Ninaziona, na nimekaa humo mpaka alfajiri kwa furaha. Hata hivyo baa inauza bia na nyama choma, na muziki umewekwa pale ili bia iteremke. Bendi inaombwa kopi za nyimbo ambazo kila mlevi anazijua, na siku kijana wa gitaa la solo akithubutu kupiga utunzi wake mwenyewe, meneja anampungia mkono kutoka kaunta arudi kwenye rumba. Mwenye ilimba, ile marimba ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, hawezi kupewa usiku katika mahali kama hapo, wala mwenye kasida, wala binti aliyetunga nyimbo kumi akiwa na gitaa kavu chumbani kwake.

Na hapo ndipo fahari na ghadhabu vinaponichanganya. Wagogo wa Dodoma wana uimbaji wa sauti nyingi ambao watu wa huku wanalipia wausikilize wakiwa wamefumba macho. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alirekodi na Real World, lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, akazunguka dunia na marimba yake. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa santuri yao kwa lebo hiyohiyo mwaka 2024 na kuja kuimba Uingereza. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, mwaka 2005. Singeli, ambayo wazazi wetu wengi bado wanaiita kelele za vigodoro, ilikusanywa na kutolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na baada ya hapo klabu za Ulaya zikaanza kuwaita vijana wa Dar es Salaam kwa majina yao. Mimi, niliyezaliwa Tanga, ninalipa kwa pauni ili nisikie Bagamoyo na Dodoma, wakati jamaa zangu walioko saa chache tu kutoka Bagamoyo hawajawahi kukaa chini wakausikiliza muziki huo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ngoma zetu za asili tumezipangia kazi moja, kuwapokea viongozi uwanja wa ndege, na huko nako zinanyamazishwa mara kiongozi aonekanapo mlangoni.

Nikitetea ukumbi wa Dalston haina maana kwamba ninawaonea wivu wasikilizaji wake. Kimya chao bado kinanishinda. Sisi tumelelewa kwenye taarab ambamo ubeti ukikugusa, au ukimgusa jirani yako mliyenuniana, unainuka, unajitembeza taratibu na noti mkononi, unamtunza mwimbaji mbele ya watu wote na ujumbe unafika. Huku ubeti ukikuchoma unatikisa kichwa. Nimewahi kugeuziwa macho na safu nzima, katika ukumbi mwingine, kwa kosa la kusema "hapo hapo!" mpiga besi alipoingia vizuri. Ndugu zangu, hamjui mateso ya kukaa na mikono mapajani huku besi inakuita.

Tena wao wenyewe hawako salama. Music Venue Trust, shirika linalozitetea kumbi ndogo za Uingereza, lilihesabu kumbi 125 zilizoacha kuonyesha muziki mwaka 2023 pekee. Passing Clouds, palipokuwa na muziki wa Afrika na wa Karibi hapahapa Dalston, waliondolewa kwenye jengo lao mwaka 2016. Kodi za pango zinapanda, umeme unapanda, na anayehamia jirani na ukumbi analalamika kwamba kuna ukumbi. Lakini tazama walivyolijibu hilo la mwisho: mwaka 2018 waliingiza katika sera ya mipango miji ya England kanuni kwamba anayejenga nyumba mpya karibu na ukumbi uliokuwapo ndiye anayebeba wajibu wa kuwakinga wakazi wake na sauti. Kwetu maafisa wanakuja kupima kelele, wanafunga, na suala limekwisha. Singependa mama mwenye mtoto mchanga anyimwe usingizi. Ninauliza tu kwa nini hatujawahi kumtaka mtu yeyote atenganishe chumba chenye kuta nene na spika zilizoelekezwa barabarani.

Haki nayo isemwe. Unguja wamejaribu kuliko sisi wa bara. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab, ipo tangu mwaka 1905, tamasha la Sauti za Busara linajaza Ngome Kongwe kwa siku chache za Februari tangu mwaka 2004, na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimewafundisha vijana ganuni na udi na kuwapa jioni za kupigia hadharani. Mwaka 2019 chuo hicho kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha, katika mji unaopokea watalii kila siku ya mwaka. Dar es Salaam wana Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichoko Mikocheni, tangu mwaka 2008. Ukiniambia kwamba sehemu kubwa ya hayo imesimama kwa misaada ya wafadhili wa nje, nitakubaliana nawe, kisha nitakuuliza mchango wa kamati ya harusi ya mwisho uliyokaa ulifika milioni ngapi.

Kwa sababu hesabu yenyewe si ya kutisha. Chumba cha viti mia moja, kuta zenye mazulia, feni zisizopiga kelele, spika nne, jenereta iliyowekwa mbali, mlango wa kuingilia na mtu mmoja mwaminifu wa kukata tiketi. Nikipewa Tanga juma moja ninalijaza leo hii bila kumwagiza mtu kutoka Nairobi: Jumanne kasida, Jumatano vijana wa gitaa kavu, Alhamisi Wagogo na marimba, Ijumaa dansi ya wazee waliobaki wa mji, Jumamosi taarab asilia ya fidla na ganuni, Jumapili saa kumi jioni singeli, ili watoto wawahi kulala na waangalizi wa kelele wakose la kuandika.

"Nani atakuja Jumanne?" Ninaisikia sauti hiyo, na ninaijua ni ya nani katika ukoo wetu. Watakuja watu wanane, mjomba. Cafe OTO nako nimewahi kukaa usiku ambao viti vitupu vilikuwa vingi kuliko watu, na mpigaji akaanza kwa saa iliyoandikwa, akapiga zamu zake zote mbili. Wanane hao wakianzishiwa saa mbili kamili, Jumanne ya pili mmoja wao atamleta mkewe. Na mgeni rasmi akitaka kuja anakaribishwa. Atalipa kiingilio kilekile, na akifika saa tano kasoro atakuta tunafagia.