Place des Vosges nzuri jamani, ila Mkunguni kuna watu

Mie sasa hivi naishi Paris na watu wa nyumbani wakiniuliza huko kuna uwanja unaofikia wetu wa Mkunguni, Lamu, nawaambia upo, unaitwa Place des Vosges, uko mtaa mkongwe wa Marais, na kwa uzuri wa majengo sijaona unaoushinda. Mfalme Henri IV aliamuru ujengwe 1605, ukafunguliwa 1612, nyumba za matofali mekundu zimeuzunguka pande zote nne na chini zina matao, mvua ikinyesha unatembea tu bila kulowa. Mwandishi Victor Hugo alikaa kwenye kona moja pale kuanzia 1832 hadi 1848.

Lakini moyo wangu uko Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, na wallahi si kwa sababu ni kwetu tu. Ile ngome ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, watu wa Lamu walipowashinda wa Pate na Mombasa, ikamalizika 1821, halafu tangu 1910 mpaka 1984 ikawa jela, yaani wazee wetu wamecheza bao na kunywa kahawa chini ya mikungu miaka yote hiyo huku nyuma ya ukuta kuna wafungwa. Leo ni makumbusho. Na uwanja wenyewe hauna geti, punda anapita na mizigo, kina mama wanatoka sokoni pale pembeni, watu wa Usita wa Mui, ule mtaa mkuu wa mji, wote njia yao ni hiyo hiyo. Bustani ya Place des Vosges jioni inafungwa, mchana watu wanajilaza kwenye majani kila mtu na wenzake, unaweza kukaa benchi moja na mtu saa nzima msisemeshane, si roho mbaya, ndivyo walivyozoea. Mkunguni hujakaa vizuri ushaulizwa we mtoto wa nani.

Haki yao nawapa kwenye kutunza. Marais ilifika mahali matajiri washahama, majumba yamegeuzwa karakana na vyumba vya maskini, mengine yanaanguka, ndipo 1962 Malraux akiwa waziri wa utamaduni ikapitishwa sheria ya kuhifadhi mitaa mikongwe. Nyumba zikapona, ila bei zikapaa na wengi wa wale maskini wakaondoka, leo kupanga pale si mchezo.

Hapo ndipo naiogopea Lamu. UNESCO walituandika kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001, ni heshima kubwa, lakini nyumba ngapi za mawe zishauzwa kwa wageni, wanakuja msimu kisha wanafunga milango? Uwanja hauwezi kuwa na watu kama nyumba za nyuma yake ni tupu. Mie naona familia inayotaka kukarabati nyumba ya babu yao isaidiwe, ipate mkopo nafuu wa chokaa, boriti na fundi anayejua kazi, kabla hajatokea mnunuzi na pesa taslimu mkononi. Masharti ya mji wa kale hayakuachi ujenge utakavyo, sawa kabisa na mie nayaunga mkono, lakini yana gharama, sasa mwenye nyumba asiye na uwezo afanyeje kama si kuuza?