Hereni ya Kushoto

Kwa ajili ya harusi ya binamu yangu niliazima kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 85. Wiki nzima nilishinda nayo ndani ya nyumba ikining'inia, ili shingo izoee. Shangazi akaja na kikamera chake cha mfukoni, ambacho sensa yake, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, haifikii hata ukucha wa kidole cha mwisho.

"Shangazi, leo pumzika," nikamwambia kwa huruma. "Kazi hii ina wenyewe."

"Haya, mwanangu."

Mwenye kamera alikuwa amenionya: ukiifungua lenzi ile hadi f/1.4, yaani tundu lake la mwanga liwe pana sana, ukiwa karibu na mtu, kinachotoka wazi ni kama sentimita tatu tu, mbele na nyuma yake ukungu mtupu. Mimi niliposikia "ukungu" nikajua hapo ndipo utaalamu ulipo. Nikaifungua asubuhi, sikuifunga tena. Nilipiga magoti, nikalala chali, nikapanda kiti. Picha 412! Kwenye kioo kidogo cha nyuma zote zilionekana tamu.

Shangazi alipiga ishirini na kitu. Alimshika bibi harusi mkono, akamsogeza dirishani, akazima flashi, akangoja acheke. Basi.

Usiku nikazifungua kwenye kompyuta. Picha ya ukoo, safu tatu za watu: pazia la nyuma limetoka safi hadi mshono wake unahesabika, ukoo wote mizimu. Bwana harusi akila kiapo: kola inang'aa, mdomo haupo. Bibi harusi kwa karibu, ile niliyoilalia chali: hereni ya kushoto wazi kabisa, pua imeyeyuka.

Za shangazi? Kila uso upo, wa mbele na wa nyuma. Sensa ndogo na lenzi fupi havina maringo, huweka wazi karibu kila kitu. Lakini ule mwanga wa dirishani, nakiri, kamera haikuutafuta.

Albamu ikajaa za shangazi. Yangu haikuingia hata moja, na nikanyamaza kama maji mtungini.

Mwezi uliofuata hereni ya kushoto ikapotea. Sonara akaomba picha ili achonge nyingine, binamu akanipigia simu mbio. Nikapeleka picha yangu kifua mbele. Sonara akaikodolea macho, akaona hadi mkwaruzo.

"Picha nzuri sana hii," akasema. "Na huyu nyuma ya hereni ni nani?"