Usingizi wa mzee na usiku wa anayemlea

Mwaka 2017 mtafiti David Samson na wenzake, akiwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha utafiti juu ya usingizi wa Wahadzabe, wawindaji wanaoishi kambini karibu na Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima usingizi, mfano wa saa za mkononi, kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walilala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Kila mtu alikuwa na saa zake za kulala na kuamka, na umri ulichangia sana tofauti hiyo. Watafiti wakasema huenda usingizi mwepesi wa wazee si maradhi. Zamani ulikuwa ulinzi wa kambi.

Hoja hiyo naipenda. Mzee anayeamka saa tisa usiku hastahili kupewa vidonge kabla hajasikilizwa. Lakini kambini kukesha kunagawanyika kwa watu wengi, na kwetu Kigoma mara nyingi anayeamka na mzee ni mtu mmoja, usiku hadi usiku.

Jirani yangu hapa Ujiji huanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Siku za giza, mwezi usipoonekana, mitumbwi huvua usiku na kurudi alfajiri, naye lazima awepo mwaloni, maana dagaa hawasubiri. Mama mkwe wake amepoteza kumbukumbu, na usiku huamka kuutafuta mlango. Kwenye komeo jirani amening'iniza kopo lenye kokoto, likilia, anainuka. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi haiendi ziwani, ndipo naye anapata kulala kidogo mchana. Ana miaka 52.

Umri huo unanitia hofu. Mwaka 2021 mtafiti Séverine Sabia na wenzake walitoa matokeo ya kufuatilia karibu watumishi 8,000 wa serikali ya Uingereza kwa miaka 25. Waliokuwa wakilala kwa muda wa saa sita au pungufu kila usiku wakiwa na miaka 50 na 60 walipata zaidi ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hilo halithibitishi kwamba kukosa usingizi ndiyo chanzo, lakini si la kupuuza.

Wachumi hupima ulezi kwa njia mbili: ungemlipa nani kiasi gani aifanye kazi hiyo, au mlezi amekosa kipato gani. Kwa ujira wa dada wa kazi au wa mwanika dagaa, njia zote mbili zinatoa thamani ndogo, na hakuna inayohesabu mwili utakaochoka miaka kumi baadaye.

Wapo wanaosema kumlea mzazi ni kutafuta radhi, hakupigiwi hesabu. Jirani mwenyewe husema hivyo, na namwamini. Ila radhi haimzuii mtu kusaidiwa. Zanzibar tangu 2016 hutoa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi. Bara nayo ingefaa ifike huko, japo fedha hiyo haimlazi mlezi. Kinachomlaza ni zamu. Shemeji zake wawili wanakaa Mwanga ya hapa hapa Kigoma, si mbali kwa bodaboda, na hata Ijumaa na Jumamosi tu wangeweza kuja kulala karibu na lile kopo.