Pete ibaki, kiapo kibadilike

Kila mwaka, katika majira ya Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, meya wa Venice hupanda chombo na kufuatwa na msafara wa mashua za makasia hadi mlango wa bahari wa Lido. Hapo pete hutupwa majini, na jiji likawa limefunga upya ndoa yake na bahari.

Sherehe hii naipenda. Kinachonichoma ni kiapo chake cha kale. Doge, mkuu wa jamhuri ya zamani, alitamka kwa Kilatini kwamba anaioa bahari iwe ishara ya utawala wa kweli na wa milele. Utawala! Hapo sioni ndoa, naona umiliki.

Ilikuwa lugha ya dola yenye nguvu. Mwaka 1000 Doge Pietro Orseolo wa Pili aling'oa nanga Siku ya Kupaa, akaenda kuitiisha pwani ya Dalmatia. Pete yenyewe husimuliwa kuwa ilitoka kwa Papa Alexander wa Tatu mwaka 1177. Dola hiyo ilianguka 1797, na mwaka uliofuata askari wa Ufaransa wakalichoma Bucintoro, jahazi la fahari la Doge, wapate dhahabu yake.

Ndoa ninayoiheshimu mimi imo katika kazi. Watu wa Venice walitambua kuwa mito ikizidi kumwaga tope, laguni yao, yaani maji ya kina kifupi yanayolizunguka jiji, itageuka nchi kavu. Basi wakaichepusha Brenta, Piave na Sile, kazi ya vizazi na vizazi. Mwaka 1501 wakaunda ofisi ya kusimamia maji. Karne ya 18 wakajenga kuta za mawe ya Istria kukabili mawimbi.

Novemba 1966 maji yalipanda sentimita 194. Novemba 2019, sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 malango 78 ya MOSE, mfumo wa kuizuia bahari isiingie katika laguni, huinuliwa bahari inapofura. Nayaunga mkono, maana nyumba za watu zilikuwa zinaoza. Lakini anayemfungia mwenzi wake mlango asijiite mtawala wake.

Pete ibaki. Maneno ndiyo yabadilike: meya ataje, mbele ya mashua zote, ni kinamasi kipi cha laguni kitakachookolewa mwaka huo kisimomonyolewe na mawimbi ya boti za injini. Mwaka unaofuata, kabla hajatupa pete nyingine, aulizwe palepale kimefikia wapi.