Mama Watatu wa Harry Potter

Wapenzi wa hadithi za kichawi wakianza kubishana kuhusu akina mama, hugawanyika haraka: hawa wa mama mzazi, wale wa mama mlezi. Kwa Harry Potter, mtoto mchawi yatima wa vitabu vya J.K. Rowling, ndiyo hivyo hivyo. Lily aliyemzaa akafa akimkinga, au Molly Weasley, mama wa rafiki yake Ron, aliyemlisha na kumvisha? Mimi naona ubishi wenyewe umeanza vibaya, maana umemruka mama mmoja.

Kiingereza kina neno moja kwa dada wa baba, dada wa mama, hata mke wa mjomba. Sisi hatuna uvivu huo. Petunia, aliyebaki na Harry baada ya Lily kufa, ni dada mkubwa wa Lily, kwa hiyo kwa Harry ni mama mkubwa. Umama wake haukusubiri kuchaguliwa na mtu.

Mimi nimelelewa na mama mkubwa, Tanga, tangu mama alipofariki nikiwa na miaka sita. Kila usiku alinichomekea chandarua mwenyewe, pembe hadi pembe, kisha akapitisha kiganja chini ya godoro kuhakikisha hakuna upenyo. Mbu akilia ndani ya neti, anayeamka ni yeye. Basi niliposoma kwamba mtoto wa marehemu mdogo wake Petunia analazwa kwenye kabati chini ya ngazi, niliumia kama mtu aliyetukaniwa nyumba yao.

Turudi kwenye Krismasi ya kwanza ya Harry huko Hogwarts, shule ya uchawi, katika kitabu kilichotoka 1997. Asubuhi anafungua zawadi. Kutoka kwa mama mkubwa na mumewe: sarafu ya peni 50, imebandikwa kwenye kikaratasi. Kutoka kwa Molly: sweta zito la kijani alilofuma kwa mkono, na peremende alizopika mwenyewe. Molly huyo alikuwa amemwona Harry mara moja tu, dakika chache pale stesheni ya King's Cross, alipomwonyesha namna ya kupenya ukuta kuifikia treni. Ilitosha Ron kumwambia kwamba Harry hatarajii zawadi yoyote. Usiku wa siku hiyo hiyo Harry anasimama mbele ya kioo kinachomwonyesha mtu shauku ya moyo wake, na humo anamwona Lily, analia huku anatabasamu, macho ya kijani kama yake.

Mama watatu, siku moja.

Wanaomtetea mzazi hunitajia damu, na kweli damu ina kazi kubwa humu. Lily alipokufa mwaka 1981, kinga aliyomwachia mwanawe ilikaa kwenye damu, ndiyo maana Dumbledore, mkuu wa Hogwarts, akampeleka mtoto kwa Petunia: maadamu pale ni nyumbani kwake, Voldemort, mchawi mwovu aliyemuua Lily, hamgusi hapo mpaka atimize miaka 17. Lakini damu hiyo haikumpa chakula cha kushiba wala kitanda cha maana. Na damu peke yake inaweza kuwa mbaya zaidi ya hivyo. Katika *Northern Lights* ya Philip Pullman, mama mzazi wa Lyra, msichana shujaa wa kitabu hicho, ndiye kinara wa wanaoiba watoto, na aliyemnyonyesha na kumlea alipokuwa mchanga ni Ma Costa, mwanamke wa mashuani.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, tunaambiwa. Sawa, ila neno uchungu lina vyumba viwili. Kimoja ni cha kujifungua, na hicho Molly hakukiingia kwa ajili ya Harry. Cha pili anakiingia katika kitabu cha tano, anapokabiliwa na Boggart, kiumbe anayejigeuza kuwa lile unaloliogopa kuliko yote. Anamwonyesha maiti za mumewe na wanawe, mmoja baada ya mwingine, na kati yao yumo Harry. Hakuna aliyempangia Molly aogope hivyo.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema Lily ni picha tu, mama halisi ni Molly. Tazama sweta lile lilivyo la kijani. Katika kitabu cha nne Molly anamnunulia joho la sherehe, la kijani tena, na anasema wazi kwamba amelichagua ili lipendezeshe macho yake. Macho yale, kila aliyemfahamu Lily anamwambia Harry, ni ya mama yake. Molly anamvisha mtoto kwa kufuata macho ya aliyemzaa. Hajamfuta Lily popote.

Mama mkubwa alikuwa akinishonea gauni kila Idi. Dukani muuzaji alishusha vitambaa vya kila namna mezani, naye mwishowe alirudi kwenye samawati, kila mwaka samawati. Mwaka nilioomba nyekundu alinikatia nyekundu bila neno. Kisha akanyoosha mkono akaichukua ile samawati, akaishikiza begani kwangu, akarudi nyuma hatua moja kunitazama. "Mama yako ilimkaa hivi hivi," akasema, akamwomba muuzaji akate na hiyo.