Panorama ya chumba na kitanda cha tano kwa sita

Siku hizi neno "imechezewa" linatosha kuiua panorama ya chumba, ile picha moja inayoonyesha pande zote kwa mzunguko. Mgeni anafika Lamu, anakuta chumba alichokodi ni chembamba kuliko alivyokiona kwenye simu, na lawama zote zinamwangukia aliyekaa kwenye kompyuta. Hasira yake naielewa, kalipa pesa. Ila mara nyingi anamshika mtu siye.

Chumba cha nyumba ya mawe ya Waswahili ni kirefu na chembamba kwa sababu dari yake imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Mpiga picha akisimama katikati, kuta ziko mita moja na nusu kila upande. Anazungusha kamera, anaunga fremu. Kamera ikizunguka nje kidogo tu ya kitovu cha lenzi, kidaka cha ukutani kinakatika vipande viwili, naye hukirekebisha kwa mkono. Dirishani kunawaka na pembeni ni giza, basi anapiga mara tatu kwa mwanga tofauti, anachanganya. Miguu ya kamera imetokea sakafuni, anaifuta. Kote huko ni kuchezea, na bila huko huna panorama, una vipande.

Kinachokivimbisha chumba ni kingine: fremu zikiungwa zinafanya tufe, nyuzi 360 kuzunguka na 180 toka juu hadi chini, na tufe hilo limekunjuliwa likawa bapa. Lazima pahali pavutike, kama Greenland inavyovimba kwenye ramani ya dunia. Hapo hakuna aliyegusa kitu! Picha "safi" inayosifiwa ndiyo inayopinda boriti, na fundi ndiye anayezinyoosha.

Wapo wanaofuta ufa, mabaka ya chumvi ukutani, nyaya, hata ghorofa la jirani nje ya dirisha. Hao siwatetei, hasa katika mji ulio kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, ambako picha ya leo ndiyo atakayoilinganisha mkarabati wa kesho na ufa alio nao mbele yake.

Kwa anayetaka kukosoa, atazame kitanda kilichoegeshwa kwenye ukuta mfupi. Cha futi tano kwa sita kina upana wa mita moja na nusu. Kikila nusu ya ukuta ulio nyuma yake, hakuna aliyezisogeza kuta, hata kama chumba kinaonekana ukumbi wa harusi. Kikila robo, hapo pana mkono wa mtu.